Siku Saba Ulizoziomba

Baba,

Wameupitisha. Naanza na hilo kwa sababu hata ningeanza na salamu ungenikatiza uniulize, "Mkataba je?" Ulipitishwa Bungeni mwezi uliopita, Jumatano alasiri. Nilikuwa shuleni Kanyakine, kwenye chumba cha walimu, nasahihisha karatasi za kidato cha tatu. Redio ya mwalimu wa kilimo ikautaja kwa sentensi moja kisha ikaingia kwenye mpira. Sentensi moja, Baba. Wewe uliandika barua kumi na moja.

Nimechelewa kukuambia kwa sababu sikuwa na mdomo wa kusemea. Leo nimekuja nyumbani Muthara, Mama amekwenda kanisani, na nimekaa kwenye meza yako ile yenye mguu uliofungwa waya. Nimekasirika. Nimewakasirikia watu wa wizara, wabunge, Mzee M'Ikiara, na zaidi ya wote nimejikasirikia mimi mwenyewe. Nilitaka kumpigia mtu simu nimwage haya yote, nikaona wa kumpigia ni wewe. Basi utanisikiliza.

Kwanza habari za nyumbani, usije ukasema nimeruka. Mama ni mzima, isipokuwa lile goti. Amekataa kwenda kukaa kwangu, anasema ng'ombe hawezi kuachiwa wageni. Asubuhi anasimama chini ya ile miti ya miraa ya babu yako, ile mbaine ya nyuma ya nyumba, na fimbo yako mkononi, anawaelekeza wachumaji tawi gani liguswe na lipi liachwe. Wanamwogopa kuliko walivyokuogopa wewe. Kiti chako hakuna anayekikalia ila paka. Nimemfukuza mara mbili, mara ya tatu nikamwacha.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza, na ulikufa ukiwa unalijua.

Unakumbuka ile asubuhi jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka walipofunga soko? Mlikuwa mmechuma kabla ya jua kutoka, mmefunga vibunda, mmevivisha majani ya mgomba, na lori la Haji Noor wa Maua limeshapita kuchukua. Saa sita mchana lori likarudi likiwa limejaa vile vile. Haji alishuka akiwa na kofia mkononi, akakuambia, "Mzee, ndege imekataliwa. Wamefunga tangu asubuhi. Hata mimi nimesikia nikiwa uwanjani." Na miraa haina subira. Siku ya pili imenyauka, siku ya tatu ni chakula cha mbuzi. Tuliwapa mbuzi, Baba, nawe ulikaa kwenye ngazi ukiwatazama wakila.

Kilichonishangaza ni kwamba hukuwatukana. Wenzako wote pale sokoni walikuwa wanalaani nchi nzima na watoto wake. Wewe ulisema, "Nyumba ni yao na mlango ni wao. Lakini hata mtu akikufukuza kwake hukupa nafasi ukunje mkeka." Ulichotaka ni siku saba. Wakitaka kufunga, wafunge, ila watangulize habari siku saba, ili mtu asipande mtini kuchuma kitu kisicho na pa kwenda. Siku saba tu. Sijaona ombi dogo kama hilo.

Jioni hiyo ukaja kwenye meza hii hii. Nilikuwa na rundo la karatasi za wanafunzi mbele yangu. Ukaniuliza, "Mwalimu, haya mambo ya nchi na nchi, yako mkononi mwa nani?"

Nami sikuinua kichwa. Nilikujibu huku kalamu nyekundu ikitembea. "Ni ya rais na waziri wake, Baba. Bunge halihusiki."

Baba, mimi ni mwalimu wa historia na serikali. Wiki ile ile nilikuwa nimefundisha kazi za Bunge, nimeandika ubaoni kwa chaki kwamba serikali ikipatana na nchi nyingine, ule mkataba haufungi nchi mpaka Bunge liukubali, na kwamba kabla ya kuukubali lazima kamati ya wabunge iwasikilize wananchi. Nilikuwa nawapa watoto alama kwa kulijua hilo. Nikakunyima wewe, kwa sababu nilikuwa nimechoka na jibu fupi lilikuwa karibu. Na wewe uliniamini, kwa sababu ulikuwa umeuza fahali wawili ili niwe mtu wa kuaminiwa katika mambo kama hayo.

Basi ukaanza kuandika wizarani. Barua ya kwanza uliiandika kwa herufi kubwa tupu, kana kwamba waziri ni kiziwi. Kila moja ulinakili kwa mkono, nakala ukaitia kwenye ule mkebe wa majani ya chai, halisi ukaipeleka posta Maua mwenyewe. Hukumtuma mtu. Ulijibiwa mara mbili, na mara zote mbili kwa maneno yale yale: barua yako imepokelewa na jambo hilo linashughulikiwa. Ulizionyesha kanisani. Nakumbuka ulivyoikunja ile ya kwanza na kuiweka ndani ya Biblia, na mimi nikiwa nimekaa benchi moja nawe, najua kwamba uko kwenye mlango usio na mtu, na kwamba ni mimi niliyekuelekeza.

Kwa nini sikusahihisha? Nimejiuliza sana. Mwanzo nilisahau. Kisha nikaona aibu. Halafu nikajidanganya kwamba hata hivyo hakuna mkataba wowote mbele ya Bunge, kwa hiyo kosa langu halijamwumiza mtu. Mwalimu akikosea ubaoni hufuta. Mimi nilikuacha unakili kosa langu miaka.

Ni Haji Noor aliyekufungua macho, si binti yako. Alikuja ile Jumapili, wewe ukiwa umeshaanza kukohoa, akakaa hapo kwenye kiti cha mkono wa kulia, akakataa chai kwa sababu alikuwa amefunga. Akasema serikali mbili zimetia saini mkataba mpya wa mazao, na miraa imo. "Lakini Mzee, saini si mwisho. Haijaiva mpaka Bunge ikubali. Na kuna mahali pameandikwa ati kila upande unaweza kufunga wakati wowote. Wakati wowote, Mzee! Si ni yale yale? Sasa mlango ni Bunge, waambieni wabunge kabla haijapita."

Ulinitazama. Ukasema, "Mwalimu, kumbe."

Ungenigombeza ingekuwa nafuu. Ile kumbe yako nimeisikia nikifundisha, nimeisikia nikipika, niliisikia hata siku ya kukuzika wakati mchungaji alipokuwa anakusifu kwa kusomesha watoto.

Haji alipoondoka mimi nilianza kubwabwaja, nikakueleza upya kwa maneno ya vitabuni, mpaka ukainua mkono ninyamaze. "Nimeelewa kabla hujamaliza," ukasema. "Waziri ni M'Ikiara. Bunge ni mimi."

Nilicheka, nawe ukacheka mpaka kikohozi kikakushika. Maana hakuna mtu katika nyumba hii asiyeijua ile habari ya posa yangu. Watu wa mume wangu Kirimi walipopanda kutoka Kanyakine, msemaji wetu alikuwa Mzee M'Ikiara, rika lako, kwa kuwa baba wa msichana hakai mbele kubishana juu ya mtoto wake. Siku ya kwanza walileta ncoolo, ule mzigo wa miraa teule uliofungwa kwa majani ya mgomba, mkaupokea, na kwa desturi siku hiyo hakuna anayedai kitu. Kuipokea ncoolo ni kusema tu: tumekubali kuketi nanyi, rudini tuongee. Waliporudi, M'Ikiara akaingia, na baada ya saa mbili akatoka anang'aa uso. "Tumemaliza!" Kumaliza kwenyewe alikuwa amewakubalia kwamba nihame mwezi huo huo, katikati ya muhula, niliache darasa langu la kidato cha nne miezi michache kabla ya mtihani.

Ukamwambia mbele ya watu, "Nilikutuma ukaongee. Sikukutuma ukamalize."

Alinuna wiki mbili. Lakini hukuvunja posa. Uliikubali yote, ukaweka sharti moja tu, mwalimu amalize mwaka na watoto wake. Watu wa Kanyakine walinung'unika, wakaenda, wakarudi, wakakubali. Ndiyo maana ulielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Waziri ndiye anayetumwa kwenda kuongea na majirani. Bunge haliendi huko wala haliandiki mkataba, lakini mkataba ukiletwa nyumbani linaweza kusema ndiyo, linaweza kusema hapana, na linaweza kusema ndiyo ila kwa sharti hili. Wewe ulitaka ile ya tatu. Siku saba ziwekwe kama sharti, waziri arudi kwa wenzake awaambie wenye nyumba wamekataa kipengele hicho.

Ukaniambia niandike, ukasema taratibu, ukipumzika kila baada ya sentensi mbili. Ukurasa mmoja. Maoni ya mkulima wa Muthara kwa Kamati ya Bunge. Ulitia sahihi kitandani, na nilipotaka kukushika mkono ukanikataza. "Wewe utaupeleka mwenyewe wakija," ukasema. "Usiutie posta." Baada ya siku tisa tukakupoteza hospitalini Meru.

Tangazo la Kamati lilitoka gazetini wiki ya mazishi. Nililiona kwa sababu akina mama walikuwa wametandaza gazeti mezani ili wakatie mikate juu yake. Nikasogeza mikate nikasoma. Kamati itakuja Maua kuwasikiliza wananchi kuhusu mkataba. Wangekuja siku kumi na tatu baada ya kukuzika. Nikalikata lile tangazo kwa kisu cha mkate.

Walikuja, Baba. Walisema saa tatu asubuhi, wakafika saa saba kasoro. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa mpaka madirishani, watu wametoka Muthara, Kianjai, Mutuati, kila mahali. Haji Noor na wenzake walikuwa wamekaa upande wa kushoto, na ule muda wote wa kungoja ni wao waliowanunulia wazee maji ya kunywa. Kisha ikawa maombi. Baada ya maombi, utambulisho. Baada ya utambulisho, Mheshimiwa wetu akachukua kipaza sauti, na ukimjua utajua hakukirudisha haraka.

"Watu yangu, mnataka soko ama hamtaki?"

"Tunataka!"

"Sijasikia! Mnataka soko?"

"Tunataka!"

Nikamwona karani wa Kamati, kijana wa miwani, anainama na kuandika. Aliandika hilo, Baba. Watu wamesema wanataka. Nani hataki soko? Ni sawa na kumwuliza mwenye njaa kama anapenda ugali, kisha uandike kwamba ameukubali ugali wako uliochacha.

Nikasimama. Nilikuwa na karatasi yako ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya mkoba. Mwenyekiti wa Kamati, mama mmoja mtaratibu, akaniona, akasema, "Ndiyo, madam, dakika mbili." Dakika mbili zilikuwa zinatosha. Ukurasa wako nilishaupima jikoni kwa saa ya simu.

Hapo ndipo Mzee M'Ikiara aliponyanyuka na wazee wenzake watatu. Kumbe walikuwa wamekuja na ncoolo. Imefungwa vizuri, Baba, sikufichi, ilifungwa kama ya kuposa binti wa chifu. Wakaipeleka mbele, wakamkabidhi mwenyekiti. Mama wa watu akaipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akapigwa picha. Makofi. Vigelegele. M'Ikiara akanigeukia, mimi bado nimesimama kama mlingoti, akaniambia kwa sauti ya chini ile ya kunitolea amri toka nikiwa mdogo:

"Mwari, keti. Ncoolo imepokewa. Leo hakuna kudai. Watarudi tuongee."

Nami nikaketi.

Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi mno. Nilijua kwamba Kamati hairudi. Nilijua kwamba yule mama hajui alichopewa, kwake ile ilikuwa zawadi tu, kama kuku au kikapu. Nilijua kwamba siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kudai, na kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, wazee wamesimama, na mimi ni mtoto wa kike niliyekuzika wiki mbili zilizopita. Nikaketi na karatasi yako mapajani. Nilipojaribu kumfikia karani mlangoni, magari yalikuwa yameshawashwa. Haji Noor aliniambia baadaye kwamba kabla hawajafika Meru mjini madereva walikuwa wamekwisha kuifungua ile ncoolo.

Wazee walirudi Muthara wakiimba. Kweli, wakiimba! "Wameipokea," M'Ikiara alikuwa akimwambia kila mtu. "Hawawezi kumaliza bila kurudi kwetu." Yeye, wa kusema hivyo! Mtu aliyewahi kumaliza posa yangu peke yake.

Karatasi yako niliituma kesho yake kwa barua pepe, na nyingine kwa posta, ijapokuwa ulinikataza posta. Tangazo lilisema maoni ya maandishi yangepokelewa mpaka siku ya kikao. Nilichelewa kwa siku moja. Jibu lilikuja kwa adabu kubwa.

Ripoti ya Kamati niliisoma kwenye simu, yote, nikiwa kitandani kwangu na Kirimi ananiambia nipumzike. Sisi wa huku tumepewa sentensi moja, kwamba wananchi waliohudhuria waliunga mkono mkataba kwa kauli moja na kuwapa wajumbe makaribisho ya kitamaduni. Ncoolo yetu hiyo. Ncoolo ndiyo iliyotumika kuthibitisha kwamba tumeridhika. Kisha nikasoma yaliyosemwa Bungeni siku ile ya kuupitisha. Mbunge mmoja, sijui hata ametoka wapi, aliuliza kuhusu yale maneno ya "wakati wowote". Akajibiwa kwamba Bunge likianza kugusagusa maneno majirani watakasirika na biashara yote itaanguka, na kwamba mambo madogo kama hayo wizara itayatengeneza mbele ya safari. Mheshimiwa wetu akasema ndiyo. Wakasema ndiyo wote. Sharti hakuna.

Na jirani zetu wakafunga tena, Baba. Wiki mbili zilizopita, siku nne, kuanzia Alhamisi asubuhi. Bila neno. Mama alikuwa ameshachumisha. Alinipigia simu nikiwa darasani akaniambia tu, "Kagendo, mbuzi wanakula." Nikatoka nje ya darasa nikalia nyuma ya choo cha walimu, mtu mzima mwenye funguo za maktaba mfukoni.

Haji Noor alipiga simu wizarani. Wakamwambia mkataba ulipitishwa na wawakilishi wenu, waulizeni. Mimi nikampigia Mheshimiwa. Nilimpata mara ya tano. "Madam Kagendo, hiyo ni mambo ya foreign affairs, hiyo ni waziri. Sisi Bunge tulipitisha tu vile ililetwa." Vile ililetwa! Basi yupo nani, Baba? Mmoja anasema mimi niliongea tu, waliomaliza ni wale. Mwingine anasema mimi nilipitisha tu, walioongea ni wale. Mamlaka yenyewe wamegawana hivi kwamba ukitaka sifa wote wapo, na ukitaka siku saba hakuna mtu nyumbani.

Jumamosi ya wiki iliyopita M'Ikiara akaja hapa na wazee wake. Hakukaa. Amezeeka tangu uende, suruali inamning'inia. Nilikuwa nimejiandaa kumtolea yote yaliyonijaa, kisha nikaona jicho lake lina aibu.

"Mwari wa rafiki yangu," akasema, "wale watu walipokea ncoolo na hawakurudi. Mtu akipokea ncoolo asirudi, anarudisha. Tunataka uandike. Waturudishie ncoolo yetu."

Ungekuwepo ungecheka mpaka ushikwe na kikohozi. Mimi sikucheka. Nilileta kalamu. Kwa sababu Katiba inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Bunge lina wajibu wa kulipokea na kulijibu, na hilo nalo nimelifundisha kila mwaka bila kumwambia mtu mzima hata mmoja. Tukaandika. Ombi la kwanza: Bunge liitake serikali irudi kwa majirani na lile sharti la siku saba, kwa maneno yako, sikubadilisha hata nukta. La pili nilijaribu kuwashawishi waliache. Wakakataa. La pili: Kamati irudishe ncoolo, ama irudi yenyewe iketi. Wameweka sahihi wote wanne, na Mama, na Haji Noor, na watu wengine wengi, wengine kwa dole gumba.

Juzi Ijumaa nilipigiwa simu kutoka ofisi ya karani wa Bunge. Binti mmoja mwenye sauti nzuri, nilikuwa nimemtumia rasimu aniangalizie.

"Madam, iko sawa, lakini hii ncoolo ni nini? Ni mnyama?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa dakika tano, posa, migomba, kuketi, kurudi. Akauliza, "Sasa madam, si ilishaliwa?"

"Ndiyo maana wanataka waje," nikamwambia.

Akacheka, lakini si kwa dharau. Kisha akasema kuna jambo moja limepungua. Ombi halipokewi mpaka tuonyeshe kwamba tulijaribu kwanza katika ofisi inayohusika na hatukupata jibu la kuridhisha. "Mlijaribu, madam? Mliandikia wizara? Maana wengi wanakwamia hapo. Lazima kuwe na ushahidi."

Baba, nilikuwa nimesimama jikoni kwangu na mwiko mkononi. Nilizima jiko. Nikawa nahesabu barua zako kichwani, naye akadhani laini imekatika, akawa anaita haloo, haloo.

Nimekuja Muthara kwa ajili ya huo mkebe. Uko mbele yangu sasa hivi. Barua kumi na moja, zimepangwa kwa tarehe, na zile risiti za posta umezibana kwa pini ya nepi, na majibu mawili umeyatoa kwenye Biblia ukayarudisha humu, sijui lini. Ya nne ina duara la kikombe. Ya tisa umeiandika kwa kalamu mbili. Ya mwisho inamalizika kwa neno "Nasubiri." Ni zile nilizokuacha uandike mwaka baada ya mwaka kwenye mlango usiokuwa wenyewe, na ndizo wanazozitaka. Bila hizo wangeturudisha kutoka getini.

Usifikiri najisamehe. Kosa ni kosa, na lilikula miaka yako. Wala sikuahidi kwamba watakupa hizo siku saba, kwa sababu nimeshawaona wanavyofanya kazi, na ombi linaweza kulala kabatini kama barua. Nina hasira ya kutosha kurudi huko mara kumi na moja, ukitaka kujua. Kirimi amenishonea mkoba mpya wa turubai, anasema ule wa kwanza haukuwa na bahati.

Ninachokuahidi ni kidogo. Kesho napeleka kwa mkono, sitii posta. Nitasimama kwenye hiyo kaunta mpaka wapige muhuri kwenye kila ukurasa wako, hata huo wenye duara la chai. Kamati ikiniita nitasema, na mtu akiniambia keti, hata awe M'Ikiara, sitaketi. Na mtu mzima akija kuniuliza jambo nikiwa nasahihisha, nitaweka kalamu chini, Baba, na nitainua kichwa.

Mama anarudi, namsikia anamsemesha ng'ombe hata kabla hajafungua lango. Lala salama, mzee wangu. Hii ya kumi na mbili naiacha humu kwenye mkebe wako mtupu. Zile kumi na moja zinasafiri asubuhi.

Mwanao,
Kagendo